Pesa Safarini: Kupanga Gesti ya Bei Nafuu katika Mji wa Kale wa Rhodes, Ugiriki

Leo tunatoka nje ya nchi kidogo. Tunaenda Ugiriki, kwenye kisiwa cha Rhodes, na hasa kwenye Mji wake wa Kale. Hata kama huna mpango wa kufika huko mwaka huu, usifunge ukurasa. Hesabu tutakayofanya itakufaa kwa safari yoyote ambayo chumba kinalipiwa kwa simu, mbali na nyumbani, kwa pesa ambazo si shilingi.

Tuchukue mfano. Dada wawili kutoka Nakuru wameweka akiba kwenye chama kwa miaka miwili. Wanataka siku tano Rhodes mwezi wa Mei. Wanaona chumba kizuri mtandaoni, bei imeteremshwa, na chini yake kuna maandishi madogo: pesa hazirudishwi. Kwa sababu bei ni poa, wanalipa siku hiyo hiyo. Wiki tano baadaye jibu la viza linakuja: hapana. Chumba kimelipwa na pesa hazirudi. Kitu gani kiliwaumiza hapo? Bei ilikuwa nzuri. Kilichowaumiza ni kwamba pesa zilitoka mapema kuliko zilivyopaswa kutoka.

Hilo ndilo somo la leo. Safari ya bei nafuu inategemea sana mpangilio wa malipo: kipi kinalipwa kwanza, kipi kinasubiri, na kipi kisiguswe kabisa mpaka viza iwe mkononi.

Kwanza, Rhodes ni mahali gani?

Rhodes ni kisiwa kilicho kusini-mashariki mwa Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Mji wake wa Kale umezungukwa na kuta za mawe zenye urefu wa karibu kilomita 4, na uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana waliuteka mwaka 1309 wakautawala hadi 1522, jeshi la Sultani Suleiman lilipouzingira na kuuchukua. Waothmani walikaa hadi 1912, wakaja Waitaliano, na mwaka 1947 kisiwa kikajiunga na Ugiriki. Ndiyo maana ndani ya ukuta mmoja utaona kasri, makanisa, misikiti na sinagogi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mji huu umezoea wageni wa kulala. Kwenye Barabara ya Wapiganaji bado zimesimama nyumba ambazo kila kundi la Wapiganaji, kulingana na lugha yake, lilizitumia kukutana na kupokea wageni. Jengo lililokuwa hospitali yao sasa ni makumbusho.

Leo ndani ya kuta kuna gesti ndogo nyingi, kadhaa zikiwa katika nyumba za zamani zenye ua wa ndani. Waliofika Lamu watauelewa mji huu haraka: vichochoro vyembamba, kuta nene, na gari haliwezi kupita kila mahali. Tofauti moja ni sakafu. Njia nyingi za Rhodes zimetandikwa kokoto za mviringo, na mkoba wa magurudumu hapo ni mateso. Beba begi la mgongoni.

Bei unayoona si bei utakayolipa

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tovuti ikikuonyesha euro 44 kwa usiku, hiyo ni namba ya kukuvutia tu. Mambo matatu huongezeka.

Kwanza ni kodi ya serikali. Ugiriki hutoza ada ya mazingira kwa kila chumba, kila usiku. Angalia vizuri: ni kwa chumba, si kwa mtu. Kwa viwango vya 2025, kati ya Aprili na Oktoba, hoteli ya nyota 1 au 2 na vyumba vya kupangisha vyenye leseni hutoza euro 2 kwa usiku. Hoteli ya nyota 3 ni euro 5. Fleti ya kukodi kwa muda mfupi ni euro 8. Mara nyingi ada hii hulipwa pale pale mapokezi, kwa hivyo haimo kwenye kiasi ulicholipa mtandaoni.

Pili ni ada ya usafi. Fleti nyingi za kukodi huiongeza mara moja kwa safari nzima. Ukikaa usiku mmoja au miwili inauma sana, kwa sababu unagawanya kwa siku chache.

Tatu ni gharama ya kubadilisha shilingi kuwa euro. Hiyo tutairudia hapa chini.

Sasa tuhesabu pamoja. Hizi ni bei za mfano tu, usiku tano mwezi wa Mei, chumba kimoja cha watu wawili. Ili hesabu iwe rahisi tuseme euro 1 ni shilingi 150. Ukipanga safari yako, tumia kiwango cha siku hiyo.

Chaguo A ni fleti ya euro 44 kwa usiku. Mara tano ni 220. Ongeza usafi euro 30, ongeza kodi ya euro 8 mara tano, yaani 40. Jumla ni euro 290, au shilingi 43,500.

Chaguo B ni gesti ya euro 47, pesa hazirudishwi. Mara tano ni 235, ongeza kodi ya euro 10. Jumla ni euro 245, au shilingi 36,750.

Chaguo C ni gesti hiyo hiyo kwa euro 52, lakini unaweza kughairi bure. Mara tano ni 260, ongeza kodi ya euro 10. Jumla ni euro 270, au shilingi 40,500.

Umeona? Fleti iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote kwenye skrini ndiyo iliyoishia kuwa ghali kuliko zote. Na tofauti kati ya B na C ni euro 25, yaani shilingi 3,750. Hiyo ndiyo bei ya usalama wako. Viza ikikataliwa, mwenye chaguo B amepoteza euro 235 alizolipa mapema, ambazo ni shilingi 35,250. Mwenye C anabonyeza ghairi na kuendelea na maisha.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu: kabla ya viza, chukua C. Baada ya viza, rudi uangalie tena. Kama B bado ipo na tarehe zako hazitabadilika, hamia B na uokoe hizo shilingi 3,750. Kumbuka tu kughairi C kabla ya muda wake kuisha.

Ngazi ya malipo: panda moja moja

Raia wa Kenya anahitaji viza ya Schengen kuingia Ugiriki. Unaweza kuomba mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika hadi siku 45. Ombi litataka uonyeshe mahali utakapolala, na ndiyo maana chumba huja mwanzoni kabisa. Panga pesa zako hivi:

1. Weka nafasi ya chumba chenye kughairi bure na malipo ya kufanywa ukifika. Leo hujalipa kitu.

2. Lipia bima ya safari. Schengen wanataka bima inayogharamia matibabu kwa angalau euro 30,000. Kabla ya kulipa, muulize wakala wa bima: viza ikikataliwa, mnarudisha pesa? Jibu lake uliweke kwa maandishi.

3. Lipia ada ya viza. Kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha maombi kinaweza kuongeza ada yake ya huduma. Pesa hizi hazirudi hata ukikataliwa, kwa hivyo zihesabu kama zimeshaenda.

4. Viza ikitoka, sasa nunua tiketi ya ndege. Kabla ya hapo, ratiba au nafasi iliyohifadhiwa inatosha kwa ombi. Usilipe tiketi nzima isiyorudishwa kwa sababu tu mtu amekuharakisha.

5. Lipia njia ya kutoka Athens hadi Rhodes. Ndege huchukua kama saa moja. Feri kutoka bandari ya Piraeus hukesha njiani, na safari inaweza kupita saa 14. Ukichukua tiketi ya kiti badala ya kitanda, umeokoa pia gharama ya usiku mmoja wa gesti. Lakini utafika umechoka, tusidanganyane.

6. Amua kuhusu chumba: ubaki na C, au uhamie B.

Angalia tarehe ya mwisho ya kughairi bure. Kama unafika tarehe 12 Mei na mwisho wa kughairi ni tarehe 5 Mei, hakikisha umeomba viza mapema, mwezi wa Machi mwanzoni kwa mfano, ili jibu litangulie tarehe hiyo. Saa inayohesabiwa ni ya kule Ugiriki. Bahati nzuri, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa ya Ugiriki na ya Nairobi ni moja. Majira ya baridi wao huwa nyuma kwa saa moja.

Hakikisha gesti ipo kweli

Utapeli wa vyumba hufanana na utapeli wa laini tunaouzungumzia hapa kila mara: mtu anakuharakisha, na anataka pesa zipitie njia isiyo ya kawaida.

Njia moja ya kukagua ni namba ya usajili. Ugiriki, nyumba ya kukodi kwa muda mfupi lazima iwe na namba ya usajili iitwayo AMA, na namba hiyo inapaswa kuonekana kwenye tangazo. Hoteli na vyumba vyenye leseni huwa na namba ya MHTE. Kama tangazo halina hata moja, uliza. Kama mwenye nyumba anazunguka-zunguka bila kujibu, ondoka.

Njia ya pili ni kumwandikia ujumbe mfupi kupitia tovuti ile ile ya kuweka nafasi. Muulize maswali haya matano:

- Mtakata pesa lini hasa, leo au nikifika?
- Kodi ya serikali imo kwenye bei au nitalipa mapokezi?
- Lango gani la ukuta liko karibu nanyi, na teksi inaishia wapi?
- Kuna ngazi ngapi hadi chumbani, na nikifika usiku nani atanifungulia?
- Dirisha linatazama ua au barabara yenye baa?

Mwenye gesti wa kweli atajibu bila shida, maana maswali haya huulizwa kila siku. Swali la mwisho usilidharau. Mji una sehemu tulivu na sehemu zenye muziki hadi usiku wa manane, na mara nyingi ni hatua chache tu kati yao.

Na hili tulisisitize. Ukipata ujumbe unaosema kadi yako imekataa, thibitisha malipo kwa kubonyeza hapa, au tuma pesa moja kwa moja ili usipoteze chumba, usibonyeze na usitume. Hata kama ujumbe una jina lako na tarehe zako sahihi. Funga ujumbe, fungua programu ya tovuti uliyotumia wewe mwenyewe, na uangalie hali ya nafasi yako pale. Hakuna gesti wala mhudumu wetu anayehitaji PIN yako. Hakuna.

Kulipa kwa simu ukiwa mbali

Wenyeji wa Rhodes hawatumii namba zetu za kulipia. Kinachokusaidia ni kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya pesa za simu. Inafanya kazi kama kadi nyingine yoyote kwenye tovuti, lakini kuna mambo ya kujua.

Kikomo. Tangu 2023, kiwango cha juu kwa muamala mmoja wa pesa za simu ni shilingi 250,000, na salio kwenye akaunti halizidi 500,000. Tiketi mbili za ndege kwa pamoja zinaweza kugonga kikomo hicho, kwa hivyo lipia kila mtu peke yake.

Pesa zilizoshikiliwa. Gesti inaweza kushikilia kiasi fulani kama dhamana. Salio lako litapungua ingawa hujalipa bado. Huachiliwa baadaye, lakini huweza kuchukua siku kadhaa. Usisafiri na salio la kubana mno.

Kadi ya kushikwa mkononi. Baadhi ya gesti huomba kuiona kadi iliyotumika kuweka nafasi. Ya mtandaoni huwezi kuitoa mfukoni. Waambie mapema, au beba kadi ya benki kama akiba. Tunashauri uwe na njia mbili za kulipa, na zisikae kwenye mkoba mmoja.

Ujumbe wa uthibitisho. Malipo mengi hutaka msimbo unaotumwa kwenye laini yako. Wi-Fi ya gesti haitakuletea SMS hiyo. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujaondoka Kenya, kisha fanya malipo madogo ya majaribio ukiwa bado nyumbani.

Sasa turudi kwenye ubadilishaji wa pesa. Ukilipa mkahawani au ukitoa pesa kwenye ATM, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa euro, au kwa pesa za nchi yako? Kuona shilingi kwenye skrini kunapendeza, unajisikia nyumbani. Chagua euro. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na kwa kawaida hakikupendelei. Tuseme unatoa euro 100 na mashine inahesabu euro moja kwa shilingi 166 badala ya 150. Umelipa 16,600 badala ya 15,000. Shilingi 1,600 zimeenda kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. ATM zilizosimama peke yake kwenye njia za watalii zitazame kwa makini zaidi, na ukiweza tumia ya benki.

Usibebe bunda la noti pia. Biashara Ugiriki zinatakiwa kupokea kadi, na malipo ya noti yanayozidi euro 500 hayaruhusiwi dukani wala hotelini. Euro chache za basi na maji zinatosha. Kila ukilipa, dai risiti. Sheria ya kule inampa mteja haki ya kutolipa kama hakupewa risiti, na utaona tangazo hilo limebandikwa kwenye mikahawa.

Kupunguza bila kujinyima

Chagua mwezi kwanza, kisha chumba. Julai na Agosti ni joto kali na wageni wamejaa. Mei na Oktoba bei huwa laini zaidi na hewa ni nzuri. Majira ya baridi vyumba ni rahisi kupata kwa bei ndogo, lakini gesti na mikahawa mingi hufungwa, kwa hivyo thibitisha kwanza.

Uwanja wa ndege uko kama kilomita 14 kutoka mjini. Kuna basi la kawaida linalofika karibu na bandari ya Mandraki, na kutoka hapo unaingia Mji wa Kale kwa miguu. Ukija na feri, bandari iko nje tu ya kuta.

Kutembea ndani ya mji ni bure. Barabara ya Wapiganaji haina kiingilio. Wala Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, unaowakumbuka Wayahudi wa Rhodes waliokamatwa na kupelekwa Auschwitz mwaka 1944. Karibu na hapo kuna sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577. Familia kadhaa za jamii hiyo zilikuwa zimehamia Kongo kabla ya vita, hasa Elisabethville, mji tunaoujua leo kama Lubumbashi. Dunia ni ndogo.

Mwisho, beba adapta ya plagi. Soketi za Ugiriki ni za pini mbili za mviringo, na za kwetu pini tatu haziingii. Simu ikizima, na pochi yako imezima.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii, fanya mambo manne. Chagua gesti tatu za mji wowote unaotaka kutembelea. Andika bei ya kila moja pamoja na kodi na usafi, si ile ya kwenye tangazo. Zungushia ile unayoweza kughairi bure, na uandike tarehe ya mwisho ya kughairi. Kisha fungua akaunti ya akiba kwenye simu yako, uipe jina la safari, na uweke kiasi cha kwanza. Hata shilingi 200 ni mwanzo.

Wale dada wawili wa Nakuru, wakianza upya kwa ngazi hii, hata viza ikikataliwa tena watapoteza ada ya viza na labda bima. Pesa za chumba zitabaki kwenye simu yao, zikingoja mwaka mwingine au mji mwingine. Hiyo si hasara ya kumfanya mtu aache kusafiri.

Tukutane kwenye somo lijalo. Safari njema, na PIN ni yako peke yako.